Kazi Hii Si ya Vipofu

Wanafunzi humwita Bi Sikio. Jina analipenda, maana kisasi chake kilipitia humo.

Macho yalimzimika ukubwani, kidogo kidogo. Alipojiunga na chuo kujifunza kuandika programu, alikuwa na kompyuta inayomsomea kwa sauti maandishi yote ya kwenye skrini. Lakini mwalimu wake alikuwa na mtindo wa kupiga picha kila mfano na kuibandika kwenye somo. Ilipendeza kutazama. Kompyuta, isiyojua kusoma picha, ilimwambia: "Picha." Akishuka chini: "Picha."

Akaomba maandishi ya kawaida, maana kwenye picha hakuwa na cha kusoma. Mwalimu akacheka mbele ya darasa.

"Mama, kazi hii si ya vipofu. Nenda kapokee simu kwenye ofisi za watu."

Darasa nalo likaangua kicheko. Bi Sikio hakulia. Chuki aliiweka pakavu, kama mtu anavyohifadhi kiberiti.

Nyumbani, mdogo wake, fundi cherehani, alimsomea picha zile huku akishona.

"Dada, hapa kuna alama kama masharubu yaliyosimama wima."

"Yanaelekea wapi?"

"Kushoto. Na chini kuna mengine, yanaelekea kulia. Yamepeana mgongo kama mke na mume walionuniana."

Kwa lugha hiyo Bi Sikio akaandika masomo yake, mada kwa mada, akifuata mpangilio wa mwalimu ili amuumize vizuri. Kila alama aliiita kama fundi alivyoiita. Akayaweka mtandaoni bure, na juu ya kila somo akaandika: "Kazi hii si ya vipofu. Alisema mwalimu wangu." Sharti likawa moja: atakayefundishia masomo hayo aanze kwa kuisoma sentensi hiyo kwa sauti.

Wenye macho nao wakamiminika: wasio na bando la kufungua picha nzito, waliochoka kukariri alama wasizojua hata majina yake. Darasa la mwalimu likapukutika.

Chuo kikamwagiza: tumia masomo ya Bi Sikio, la sivyo achia darasa. Akaja kupiga hodi.

"Dada yangu, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

"Hapa hatugangi," fundi akadakia, "tunashona."

"Naomba ile sentensi ifutwe. Hiyo tu."

Bi Sikio akafungua somo la zamani la mwalimu, akazima skrini, akamsogezea kiti.

"Mfano wa kwanza una kosa. Nitafutie, nami nitaifuta."

Mwalimu akabonyeza. "Picha," kompyuta ikasema. Akabonyeza tena. "Picha."

"Huu si uungwana! Hapa hakuna cha kusoma!"

"Ndivyo nilivyokwambia."

Jumatatu asubuhi mwalimu alisimama darasani, akakohoa, akaisoma sentensi ile kwa sauti ya chini. Kwenye safu ya mbele, Bi Sikio alikuwa ameketi, mikono magotini.

"Rudia, mwalimu," alisema. "Huku hatukusikia."