Nilifanya redirect ya ukurasa wa "Madereva Wetu", kaka yangu akajua nimemfuta

Wakuu, salaam kutoka Kampala.

Mimi ni msomaji wa zamani wa jukwaa hili la tech. Nachukua code zenu, naondoka kimya kimya bila hata kugonga like. Leo na mimi nachangia. Kisa hiki ni changu mwenyewe, sijahadithiwa na mtu, na chumvi sitatia kwa sababu haihitajiki.

Kiswahili changu ni cha Kampala, mtanivumilia. Sisi Wanubi wa huku tunakiongea tangu utotoni, ila Mtanzania akitusikia anacheka kwanza ndipo anajibu.

Tuanze.

Mzee wetu alikuwa na kampuni ndogo ya malori, kubeba mizigo Kampala kwenda Juba. Ofisi iko Bwaise, ghorofa ya kwanza, maana mvua ikinyesha huko chini maji yanaingia bila hodi.

Mzee alifariki, kampuni ikabaki mikononi mwangu. Malori mengine yalichoka tukayauza, yamebaki mawili. Madereva nawaita kazi ikipatikana. Ofisini niko peke yangu.

Na nikisema peke yangu namaanisha hivyo. Kuna meza ya karani na karani hayupo. Kuna siku naingia asubuhi natoka jioni, na mtu pekee niliyeongea naye ni mama wa chakula, akiniuliza kama leo nataka matooke au posho, yaani ndizi au ugali. Wakati mwingine nachelewa kuchagua ili tu asiondoke haraka. Nacheka nikiandika hivi, lakini ni kweli.

Website tulitengenezewa mzee akiwa hai. Ilikuwa na ukurasa unaitwa "Madereva Wetu": picha ya kila dereva, jina lake na njia anayoendesha. Mzee aliupenda kuliko kurasa zote. Alikuwa akiwaambia wateja kwamba lori halijui njia, dereva ndiye anayejua.

Picha ya kwanza pale juu ilikuwa ya kaka yangu mkubwa, Marjani. Amesimama mbele ya lori lake la bluu, mzee yuko pembeni yake, amemshika bega. Mzee hakuwa mtu wa kushikana shikana. Sijui mpiga picha alimwambia nini siku ile.

Sasa niwaeleze kuhusu Marjani, maana bila hayo hamtaelewa huko mbele.

Mzee alifariki alfajiri. Marjani alikuwa Elegu, mpakani, amekwama kwenye foleni na mzigo wa watu. Kwetu maiti hailazwi. Wazee wa ukoo wakaniita pembeni, wakaniuliza kama tumsubiri mkubwa. Nikafikiria barabara ile ya kutoka kaskazini na lori lenye mzigo, nikasema tuzike. Tukazika baada ya swala ya alasiri.

Marjani alifika kesho yake, akakuta udongo umeshapangwa.

Nilifanya sahihi. Hata leo mkiniuliza nitasema tuzike, dini iko wazi. Lakini kaka hakunigombeza wala hakulia mbele yetu. Alikaa mpaka arobaini ikaisha, halafu akapata ajenti, akaenda Uarabuni. Hakuniaga. Namba akabadilisha. Nchi gani hasa, hata madereva wenzake hawakujua, au walijua wakanificha.

Miaka ikapita hivyo. Namshukuru Mungu kwa kazi, lakini sitawadanganya: kukaa kwenye ofisi ya baba yako, bila baba na bila kaka, ni upweke ambao sikujua jina lake.

Turudi kwenye tech.

Mwaka huu nikaamua kuijenga upya website, mwenyewe. Nikajifunza humu humu. Ile ya zamani ilikuwa na kurasa nyingi zilizokufa, matangazo ya malori tuliyouza, bei za enzi hizo. Ushauri wa wengi ulikuwa mmoja: ukurasa usioleta biashara usiufute tu, ufanyie redirect kwenda kwenye ukurasa unaofanana nao.

Kwa wasiojua, redirect ni kama duka likihama. Unabandika karatasi kwenye mlango wa zamani: tumehamia mtaa fulani. Mteja akija anaelekezwa.

Nikafungua analytics nione kurasa zipi bado zinatembelewa. Nikashangaa. "Madereva Wetu" ulikuwa na ziara nyingi kuliko hata ukurasa wa bei.

Nikachimba. Karibu ziara zote zilitoka Doha. Hazikutoka kwenye search wala kwenye link ya mtu, ni direct, anwani imeandikwa au imehifadhiwa kwenye simu. Anafungua ukurasa huo mmoja, habofyi kitu, anatoka. Zaidi siku za Ijumaa.

Kuna mkuu mmoja humu, simtaji, aliwahi kuandika kwamba traffic ya namna hiyo, nchi moja ya mbali, ukurasa mmoja, hakuna kubofya, ni boti, yaani programu inayojitembeza yenyewe, si mtu. Nikamwamini. Nikajisemea hata boti siku hizi zinaswali Ijumaa, nikacheka peke yangu, nikaendelea na kazi.

Madereva wenyewe wengi hawapo tena. Nikachukua "Madereva Wetu" nikaufanyia redirect ya 301 kwenda "Malori Yetu".

Siku za mwanzo nilifurahi kama mjinga. Kurasa zilizokufa zikatoweka kwenye ripoti. Nikaona kumbe naweza kazi hii.

Ijumaa moja mchana, nimetoka kuswali, simu ikaita. Namba ya nje. Nikapokea nikidhani ni mteja.

"Sebi, wewe umenitoa?"

Sauti niliijua kabla hajamaliza. Nilisimama, sijui kwa nini nilisimama. Nikamuuliza nimemtoa wapi.

"Kwa website. Mimi nafunguanga hapa, naonyesha watu wa kambi yetu ya kazi: huyu baba yangu, huyu ni mimi, ile ndio gari yangu. Leo nafungua mbele ya watu, naona rori tu. Wamecheka mimi."

Nikaanza kumweleza. Nikasema kaka hapana, ni redirect tu, ni mambo ya mtambo, sikujua kama ni wewe. Nilikuwa naongea haraka, Kinubi, Kiswahili na Kiingereza vyote kwa pamoja.

Akanisikiliza. Halafu akasema polepole:

"Baba mulizika bila mimi. Sasa hata picha."

Akakata.

Wakuu, nilikaa chini. Boti yangu ya Doha ilikuwa kaka yangu, anakuja kila Ijumaa siku yake ya kupumzika, na mimi nimekaa Bwaise namtazama kwenye grafu, namwita spam.

Najua mtauliza kwa nini asingepiga screenshot akaihifadhi. Na mimi nilijiuliza. Nadhani picha haikuwa shida yake. Nadhani alikuwa anakuja kuangalia kama bado tumemweka.

Nikarudi kwenye laptop. Nikatoa redirect, nikaurudisha ukurasa kama ulivyokuwa, picha yake juu kabisa. Nikatest kwa incognito, lile dirisha lisilo na kumbukumbu, uko sawa. Nikamwomba mama wa chakula simu yake, nikafungua, uko sawa. Akaniuliza huyo kijana mzuri ni nani, nikamwambia.

Nikamtumia kaka meseji: nimerudisha, angalia sasa.

Jibu likaja baada ya muda: "Bado naona rori. Wacha kunidanganya."

Nikaandika tena. Haikufika. Nikapiga, haiiti. Alikuwa ameniblock.

Hapa ndipo nilijifunza 301 ni kitu gani, na nililipa ada kubwa. 301 maana yake tumehama moja kwa moja, haturudi. Browser inaichukua kama neno la mwisho na kuiweka kwenye kumbukumbu. Safari nyingine haipiti hata kwenye mlango wa zamani kuuliza, inakwenda moja kwa moja huko ilikoelekezwa. Kwa hiyo dunia nzima iliona ukurasa umerudi, isipokuwa simu za waliopita pale siku zile. Yaani simu ya mtu mmoja niliyemtaka aone.

Dawa yake ni ndogo: afute cache, yaani hiyo kumbukumbu ya browser, au nimpe link iliyoongezwa alama kidogo mwishoni, simu itaiona kama anwani mpya. Lakini nitampaje wakati nimefungiwa njia? Nilitafuta wenzake wa zamani, aliyenijibu alisema tuachane na mambo ya Marjani, amekasirika.

Kwa wiki kadhaa nilikuwa natazama ripoti tu. Doha, Ijumaa, "Malori Yetu", sekunde chache, ametoka. Bado alikuwa anajaribu. Hiyo iliniumiza kuliko kama angeacha kabisa.

Halafu siku moja nikiwa nakunywa chai nikawaza upande mwingine. Simu yake imekataa kurudi kwenye ukurasa wa zamani. Sawa. Basi nitauleta ukurasa wa zamani pale simu yake inapofikia.

Nikachukua ile picha nikaiweka juu kabisa ya "Malori Yetu", kubwa, kabla ya lori lolote na kabla ya bei. Chini yake nikaandika majina yao wawili. Nikaongeza mstari mmoja: "Kaka, hatukukutoa. Simu yako ndiyo inakumbuka kosa langu. Namba ya ofisi ni ile ile."

Kwa biashara ni upuuzi, najua. Mfanyabiashara mmoja wa samaki wa Ggaba alinipigia akitaka lori la kwenda Juba, akauliza kama wale watu wawili wa juu wanakuja pamoja na lori. Nikamwambia mmoja amefariki, mwingine yuko mbali, lakini lori lipo. Akasema pole, akalichukua.

Ijumaa iliyofuata nilifungua ile sehemu ya analytics inayoonyesha walio kwenye site muda huo huo. Nikakaa. Wateja wawili wa hapa mjini wakapita. Halafu ikatokea: mtu mmoja, Doha, "Malori Yetu".

Nikasubiri atoke kama kawaida yake. Hakutoka.

Chai ikapoa, yeye yupo. Hakubofya kitu. Simu ya ofisi nilikuwa nimeiweka mbele yangu, haikuita. Lakini alikuwa pale, anaangalia picha ile, na mimi nilijua anaiangalia. Nikafungua ukurasa huo huo kwenye simu yangu, ili angalau tuwe tunaangalia kitu kimoja.

Hesabu ya walio kwenye site ikabaki moja. Nilikuwa nimesahau kwamba niliweka filter ya kuficha ziara zangu mwenyewe, kama mnavyofundisha, ili mwenye site asijihesabu. Nikakimbilia settings, nikaitoa, nikafungua ukurasa upya.

Ikabaki moja. Safari hii huyo mmoja alikuwa ni mimi, Kampala. Yeye alikuwa ametoka.

Mpaka leo hajapiga. Namba bado imefungwa. Ila Ijumaa anakuja, na anakaa.

Nilichojifunza, wadogo zangu mnaoanza kazi hii: usitumie 301 kama hujaamua kabisa, anza na 302, hiyo ni ya muda na simu haiishikilii. Na kabla ya kuita traffic fulani boti, jiulize nani wa kwako yuko upande huo wa dunia. Analytics itakwambia nchi, ukurasa na muda. Kwa nini mtu amekuja haitakwambia, hiyo utaijua wewe au hutaijua.

Karibuni kwa maoni. Waliowahi kufungiwa na ndugu, semeni mlifanyaje, nisubiri au nimtafute mpaka huko. Na wataalamu najua mtaniambia niirudishe ile filter, kwamba takwimu zangu zinachafuka nikijihesabu mwenyewe. Sitairudisha. Nataka Ijumaa moja ripoti iandike tulikuwa wawili.