Meno Sita ya Mama

Jumamosi ilikuwa siku ya bomba. Landhi yetu, yaani makazi ya wafanyakazi wa reli, nje kidogo ya mji wa Nakuru upande wa kwenda Lanet, ilikuwa na bomba moja tu la maji, na mwanamke aliyetaka habari alibeba nguo zake kwenda kufua hata kama zilikuwa safi. Hapo walikutana wake wa Wajaluo na Waluhya waliokuja na kazi ya reli, Wakikuyu waliotoka mashambani, na Mama Zuhura, ambaye wazazi wake walitoka Lamu. Mama Zuhura alituona sote washamba, lakini hakuna Idi iliyopita bila kutuletea mahamri. Mama yangu ndiye aliyecheka kuliko wote hapo bombani. Alikuwa na meno meupe yaliyopangana, na alijua hivyo.

Mama alikuwa Mkikuyu. Baba alikuwa Mjaluo, na kazi yake ilikuwa kuunganisha mabehewa ya mizigo. Yeye aliniita Akinyi. Mama na mama yake waliniita Wairimu, kwa kuwa hilo lilikuwa jina la huyo nyanya yangu, ambaye sisi tulimwita Cucu. Cucu alikaa Molo, akichuma pareto katika shamba la mzungu. Kila mwezi alishuka na lori la viazi, akakaa kwetu siku mbili, akanisuka, na kulalamika kwamba baba anakula samaki mwenye macho. Nilimpenda kuliko mtu yeyote. Nalisema hilo sasa, kwa sababu baadaye mtapata sababu ya kutoniamini.

Wazungu walipotangaza Hali ya Hatari ili kuwazima Wakikuyu waliowaasi, tulidhani ni mambo ya Nairobi. Kisha Wakikuyu wa landhi wakaanza kuondolewa, nyumba moja leo, nyumba nyingine kesho. Jirani yetu Mama Njeri alichukuliwa mikono ikiwa bado na unga. Walipandishwa malori, wakafungiwa ndani ya seng'enge karibu na ghala la reli, na kutoka hapo treni iliwapeleka rizavu, maeneo waliyotengewa Wakikuyu, mahali ambapo wengine hawakuwa hata wamezaliwa. Bombani watu waliacha kucheka. Waliokuwa wakiazimana chumvi walianza kuangaliana.

Sisi watoto wanne tulihesabiwa kuwa wa baba, kwa hiyo tungebaki. Mama ndiye angeondoka, na mdogo wetu wa mwisho alikuwa bado ananyonya.

Wajaluo wa siku hizo walitolewa meno sita ya mbele ya chini wakiwa vijana. Mtu mzima mwenye meno yote alionekana kama mtoto, au kama mgeni. Mama alikuwa amebatizwa mdogo, kwa hiyo masikio yake hayakutobolewa kama ya wanawake wenzake. Kijaluo alikisema vizuri baada ya miaka kumi na moja ya ndoa. Kilichobaki kumsaliti kilikuwa kinywani.

Baba hakulileta jambo hilo. Mama ndiye aliyelileta, wakati wa kula.

"Mwite Mzee Odera," alisema.

Mzee Odera alikuwa mpishi wa kantini ya reli, na huko kwao Nyanza alikuwa amewatoa watu wengi meno. Baba aliacha kutafuna.

"Wewe si mtoto wa miaka kumi na mitatu. Hayo meno yako yameshika."

"Meno ni yangu. Na hawa watoto pia ni wangu."

Mzee Odera alikuja Jumapili, watu wakiwa kanisani, na chuma bapa ndani ya kitambaa. Baba alimshika mama kichwa. Mimi nilishika karai.

Sita.

Mama hakulia. Alishika mbao za kitanda hadi kucha mbili zikakatika. La tano lilivunjika, na Mzee Odera akarudi kuufuata mzizi. Nilikuwa na miaka kumi, na tangu siku hiyo siwezi kusikia chuma kikigusa bakuli.

Tukatangaza kwamba ana malaria. Wiki nne alisukutua maji ya chumvi na kunywa uji. Mama Zuhura alikuja kumwona, akamtazama, akafahamu, akakaa chini akalia kwa niaba yake. Kisha akajipangusa akasema, "Mgonjwa wetu anaendelea vizuri," na hivyo ndivyo alivyowaambia wengine wote.

Msako ulikuja mchana. Kila familia ilisimama mbele ya mlango wake. Aliyetukagua alikuwa sajini Mjaluo, mrefu, mwenye sauti ya chini. Alimuuliza mama jina, jina la baba mkwe wake, na jina la mto wa kwao. Mama alijibu yote.

"Fungua mdomo."

Akafungua.

Sajini aliinama. Alitazama zile fizi kwa muda mrefu. Zilikuwa bado nyekundu.

Alimgeukia baba, akasema kwa Kijaluo, taratibu, kama mtu anayeuliza habari za mvua. Maneno yake nayakumbuka hivi: "Ndugu, huyu amekuwa mke wetu juzi tu. Mimi sikuona kitu. Lakini siku ataonekana anasalimiana na Mkikuyu hata mmoja, yeye au mtu wa nyumba yake, mimi na wewe tutapanda lori moja."

Akaenda mlango wa pili. Baba alituingiza ndani.

Mwezi uliofuata askari walileta watu wa mashamba ya Molo. Niliyaona malori yakipita, watu wamesimama ndani wakiwa wamejifunika magunia kwa baridi waliyotoka nayo. Mama alifunga mlango. Hakuuliza kama kuna mtu tunayemjua.

Mama Zuhura hakuwa mtu wa kufunga mlango. Alichemsha chai ndoo nzima, akawaomba askari ruhusa kwa Kiswahili chake cha pwani hadi wakaona haya, kisha akaja kwetu kutafuta wa kumbebea vikombe. Baba alikuwa kazini. Mama alinitazama. Alijua ninakokwenda na alijua kwa nini ananituma, ingawa alichosema ni, "Usikawie."

Tulipitisha vikombe katikati ya seng'enge, watu wakinywa na kurudisha. Nilikuwa nimejaza kimoja nilipomsikia.

"Wairimu!"

Cucu alikuwa amekaa juu ya kifurushi, kichwa wazi, kitambaa chake kimepotea. Alinyanyuka kwa mikono miwili. Alikuja hadi kwenye waya akicheka, machozi yakimtoka, akipenyeza vidole vyake.

"Wairimu, mama yako yuko wapi? Mwambie niko hapa."

Askari mmoja alisogea. Hakuwa yule sajini. "Wewe mtoto, unajua huyu mzee?"

Chai ilikuwa mkononi mwangu. Vidole vya Cucu vilikuwa hatua moja kutoka kwangu.

"Simjui. Mimi ni Akinyi."

"Yeye anakuita jina ingine."

"Simjui."

Cucu alinitazama. Akamtazama askari. Nikaona uso wake ukifahamu, na kufahamu huko kulimzeesha mbele yangu.

"Nimekosea," akamwambia askari. "Macho yangu imezeeka. Huyu si mtoto wetu."

Akarudi kukaa juu ya kifurushi, akanipa mgongo. Mimi nikakimbia.

Mama alikuwa nyuma ya mlango. Nilimwambia kila kitu, ila kimoja. Alifunga leso kichwani, akaifungua, akaifunga tena. Alishika komeo, akatazama kitanda alikolala mtoto, akaliachia. Nilimwona akifanya hivyo mara tatu. Jioni injini ilipiga honi na mabehewa yakagongana, na sote wawili tulijua ni nani aliyeyaunganisha, kwa kuwa siku hiyo zamu ilikuwa ya baba. Kwa Wajaluo hata kushika mkono wa mama mkwe ni mwiko. Baba aliporudi hakula, wala hakutuuliza kwa nini sisi pia hatujala.

Ndipo mama akaniuliza, "Alikunywa chai?"

"Alikunywa."

Cucu alikufa rizavu, katika vile vijiji vilivyozungushiwa handaki, kabla Hali ya Hatari haijaisha. Habari zilitufikia kwa mdomo, zimechelewa sana. Alizikwa na wengine wengi, na mama alipokwenda kulitafuta kaburi hakuna aliyeweza kumwonyesha. Mama mwenyewe aliishi hadi akaona vitukuu. Alitulea sote wanne, hakuna aliyelala na njaa, hakuna aliyekulia kwa mtu baki. Naliweka hilo kwenye mizani kila mara, na ni zito, sikatai. Watu huniambia nilikuwa mtoto. Lakini miaka kumi inatosha kabisa kumjua nyanya yako.

Wiki yake ya mwisho mama alikuwa akipokea wageni kitandani, na kila mgeni alisimuliwa naye habari ileile. Kwamba mama yake aliondoka Nakuru bila yeye kumuaga. "Lakini alikunywa chai," alisema. "Mkononi mwa mjukuu wake. Hiyo Mungu alinipa." Wageni waliitikia amina. Mimi nilikaa pembeni, nimemshika mguu.

Kikombe kile nilikimbia nacho. Nilikimwaga nyuma ya ghala, kikiwa kimejaa.