Mstari Uliosahaulika Desemba

Mchungaji Orrin Tackett hakuwa mtu wa hasira. Miaka kumi na tisa katika kanisa dogo la Wabaptisti, kwenye milima ya Kentucky, alizika watu wa kila familia. Akipigiwa simu usiku kwamba fulani amezidiwa, anaendesha pikapu yake maili sitini hadi hospitali, petroli juu yake. Kanisa halikumrudishia hata senti, na kwenye kodi ya mapato gharama hiyo haikumpunguzia kitu. Mvumilivu hula mbivu, alijiambia. Mbivu zenyewe hakuziona.

Alitegemea jambo moja tu. Sehemu ya mshahara wa mchungaji inayolipia nyumba haitozwi kodi ya mapato, ila sharti baraza la kanisa liipitishe kabla hajalipwa, na karani aiandike katika kumbukumbu za kikao. Mstari mmoja, kila Desemba, kwa mwaka unaofuata. Desemba ya mwaka juzi baraza liligombea rangi ya zulia saa tatu nzima, kisha likafunga kwa sala na kwenda kula.

Machi hii, Lorene Fugate, mhasibu wake, akaomba mstari huo. Delbert, karani wa kanisa, akaleta daftari ofisini kwa Lorene, Tackett akiwepo. Haukuwamo.

“Hilo tu, Mchungaji?” Delbert akachomoa kalamu. “Nafasi ipo hapa chini. Naweka tarehe ile ile ya kikao, yamekwisha.”

“Juzi nimehubiri juu ya Anania na Safira, walioanguka wakafa kwa uongo, umeitikia amina mpaka madirisha yakatikisika!”

“Ah, wale walificha hela, bwana. Sisi tunaandika tu.”

“Weka kalamu chini!” Tackett alipiga meza, chai ya Lorene ikamwagika. “Dola elfu mbili na mia sita za kodi, Delbert! Ndizo tulizoweka kwa ajili ya upasuaji wa goti la mke wangu Idella. Mmenisahau, sasa mnataka na uongo niubebe mimi?”

Delbert akafunika kalamu, uso umemwiva. “Basi Jumapili tupitishe sahani, tumchangie Mama Mchungaji.”

“Mkimpa kupitia kanisa, huo nao ni mshahara,” Lorene akasema, akifuta chai. “Unatozwa.”

Tackett akatia sahihi fomu ya kodi jinsi ilivyo, bila kumtazama mtu.

Nyumbani alimkuta mkewe amesimama jikoni, uzito wote kwenye mguu mmoja, anakoroga maharage. Akamwambia upasuaji itabidi usubiri. Idella hakulia. Alipunguza moto kwanza.

“Kwenye kikao kile cha Desemba mlikuwa wangapi?”

“Wao saba. Na mimi.”

“Watu saba,” Idella akasema, “na wote umewazikia mtu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mchungaji wetu analala wapi?”

Tackett alitafuta neno la kuwatetea, kama alivyozoea kwa miaka kumi na tisa. Safari hii hakulipata, wala hakutaka kulipata.