Kizibo cha Mugisho

Siku Mugisho alipokwenda kusomea kazi ya ufundi bomba aliyokuwa akiifanya kwa miaka kumi na minne, mkewe Darlène alimpigia pasi mpaka soksi. Mugisho alicheka njia nzima kutoka Kawempe hadi Lubaga, jijini Kampala, peke yake nyuma ya bodaboda, kwa furaha tu. Mafunzo yalikuwa ya siku moja, na atakayekaa mpaka jioni na kufanya mtihani angepewa cheti chenye muhuri. Cheti hicho ndicho alichokitaka Bwana Okeny, msimamizi wa maghorofa fulani ya Bugolobi yenye hita ishirini na nne. Alikuwa amemjaribu Mugisho kwa hita moja, akairidhia kazi, kisha akasema, "Sasa lete karatasi. Bila karatasi hapana kupita geti yangu tena."

Tuseme ukweli, mkono anao. Kwao Bukavu, Kongo, alifundishwa na mjomba wake, mtu ambaye kwake tone moja lilikuwa aibu ya ukoo mzima. Kule maji ya moto yalishuka taratibu kutoka tangi lililo wazi darini, hayana ugomvi na mtu. Kampala akakutana na mitungi ya kisasa ya hita, imefungwa kila upande, inayosukumiwa maji kwa presha, na ubavuni ina vali ndogo ya shaba inayopenda kudondosha maji. Wenye nyumba waliyachukia matone hayo kupita kiasi. Mafundi wengine waliweka ndoo chini wakaondoka. Mugisho aliizungushia vali tepu nyeupe, akakaza kizibo cha chuma kwa spana, na pakawa pakavu kabisa. Alipita nyumba baada ya nyumba akiziba, na sifa zikampanda kichwani.

Mwalimu aliitwa Adyero, mwanamke mfupi aliyechomeka kalamu sikioni. Saa nne na nusu alibandika ukutani picha ya nyumba isiyo na paa. Mtungi wake, alisema, uliokotwa kwenye shamba la mihogo la jirani.

"Maji yakipata moto yanavimba," alisema Adyero. "Hii vali ndiyo mlango wa maji kutokea. Ikidondosha, ujue kuna kitu kimeharibika. Tafuta hicho kitu. Na mtu akikusifia kwamba bomba lake linatema mvuke, usicheke naye. Kidhibiti joto kimekufa. Zima umeme, ondoa watu, usiguse chochote mpaka mtungi upoe. Kuna mtu hapa ambaye amewahi kuziba vali?"

Darasa likaangua kicheko, maana ni nani mjinga wa namna hiyo. Mugisho alicheka kuliko wote, kisha akakumbuka. Jumatano alikuwa ameziba ya Hajati Shamim, pale pale Lubaga chini ya kilima. Na jana Hajati alimpigia simu kumshukuru: maji yanafoka mvuke, fundi wangu, maji ya chai tunayakinga moja kwa moja bombani. Leo nyumbani kwake kulikuwa na arusi. Binti yake, Mwanawetu, alikuwa anasingwa kwa manjano mwili mzima, na wanawake wapatao thelathini walikuwa wakioga kwa zamu tangu alfajiri.

Akapiga simu chini ya meza. Iliita, iliita, haikupokewa. Ngoma za arusi haziachi mtu asikie simu. Akasimama.

"Mwalimu, iko nyumba moja nilizibaka," alisema. "Na ile mvuke iko inatoka."

Hakuna aliyecheka safari hii. Adyero alimtazama, akatazama karatasi za mtihani mezani. "Ukitoka hupati cheti, sina la kufanya," alisema. "Kimbia."

Mugisho akakimbia. Aliteremka kilima na viatu vyake vya kanisani, akiruka mitaro, akiomba radhi kwa mbuzi na kwa watu bila kubagua. Alijiona kichekesho, na hofu ilimkimbiza zaidi.

Getini wanawake wawili waliojifunga leso kiunoni walimzuia. Siku ya kumsinga bi harusi mwanamume haingii, hata awe nani.

"Mama, ni hita," alisema akihema.

"Kila arusi wanaume wana sababu mpya," alisema mmoja wao, na wote wawili wakacheka mpaka wakashikana.

Basi akafanya alichoweza kufanya bila kuingia. Alizunguka nje mpaka kwenye sanduku la umeme la ukuta wa nje, akashusha swichi kubwa. Spika zikanyamaza, na mpiga ngoma naye akaacha kwa mshangao. Wanawake wakamiminika uani mpaka getini, wengine wana povu kichwani, wengine kiatu kimoja, na katikati yao bi harusi, manjano tupu kama embe, amevingirishwa shuka mbili.

"Mugisho," alisema Hajati Shamim kwa sauti ndogo ya kutisha, "umerogwa?"

"Hajati, mutoke bote, muende ng'ambo ya barabara. Ile mutungi inaweza kupasuka. Mimi njo niliharibisha."

Akatoka bi harusi na manjano yake, wakatoka mabibi, ikatoka na sufuria ya pilau, maana hakuna aliyekubali kuiacha. Ng'ambo ya barabara arusi ikaendelea kwa makofi tu. Mugisho akawasha majiko matatu ya makaa, akachemsha maji na kuyabeba mpaka uani kwa jirani ili bi harusi asuuzwe, huku mabibi wakimwimbia nyimbo za fundi zilizotungwa papo hapo. Zilikuwa mbaya sana, na alistahili kila ubeti. Alasiri mtungi ulipopoa, Hajati akamruhusu aingie. Akakifungua kizibo, akaacha umeme umezimwa, akatoka nacho mkononi.

"Umeziba nyumba ngapi?" aliuliza Hajati.

"Kumi na moja."

Hajati akaketi, akamnyooshea simu. "Piga. Moja moja, hapa mbele yangu."

Mugisho akaanza na ile iliyomuuma zaidi.

"Bwana Okeny, ni Mugisho. Uzime ile hita nilitengenezaka, watu wasiiguse. Niliiziba vibaya. Nakuja kuifungua."

Okeny akauliza, "Karatasi umepata?"

"Hapana. Nimesoma mpaka saa tano tu."

"Fundi wa karatasi wamepita hapa saba," alisema Okeny. "Hakuna hata moja alipiga simu kusema amekosea. Kuja. Nitaambia geti."