Pori Jekundu Ukutani

Wiki iliyopita nilimnunulia binti yangu kiboksi cha rangi za maji, dukani hapa Kasulu mjini. Alipochovya brashi tu, ile harufu ya gundi na chokaa mbichi ikanirudisha darasa la tano, shuleni Kitahana. Msinicheke, ndugu zangu, lakini nilisimama pale mpaka mboga ikaungua jikoni.

Mwalimu wetu wa sanaa, Madam Anjela, alituambia tuchore mazingira yetu. Wenzangu wakachora nyumba, jua kwenye kona na mti wa kijani. Mimi nilitaka pori la nyuma ya kwetu, ambalo mwezi wa tisa, kabla ya mvua, miti yake hutoa majani mapya mekundu. Kwa pupa yangu nikaimwagia karatasi maji mengi mno. Nyekundu ikakimbilia njano, njano ikaingia kwenye zambarau, miti yote ikapotea. Rafiki yangu Leokadia akachungulia.

"We! Hiyo siyo picha, ni mchuzi wa maharage!"

Nililia kwa hasira. Madam aliibandika hivyo hivyo ukutani, pembeni kabisa, karibu na mlango.

Kesho yake kulikuwa na kikao cha wazazi. Siku zote alikuja mama. Baba alikuwa mfugaji nyuki, na kila akiitwa shuleni mizinga yake ilipata dharura. Safari hii mama alikuwa na kichanga cha wiki moja, kwa hiyo baba akaja, shati limenyooshwa, uso kama wa mtu anayepelekwa kuchomwa sindano. Nilitamani sana aione kazi yangu, na hapo hapo nikaomba Mungu asiione.

Wazazi walipita ukutani taratibu wakisoma insha na matokeo yetu. Baba alipita haraka haraka mpaka mlangoni, akasimama. Mzazi mmoja akaangua kicheko: "Na hiki nacho ni nini?"

"Hulioni pori?" baba akamshangaa. Akanyoosha kidole. "Hapa majani yametoka juzi. Huku bondeni yameanza kukomaa. Na hii njano ni maua, nyuki wameshafika. Mizinga itundikwe wiki hii!"

"Sasa miti iko wapi, Baba Editha?" Madam akauliza.

"Madam, ukisimama kule mlimani unaona miti? Unaona rangi." Akageuka kunitafuta. "Mwana wanje, mwanangu, umeliweza!"

Jamani, kichwa kilinivimba! Leokadia nilimnunia mpaka jioni, na asubuhi baba akaenda kweli kutundika mizinga.

Nilipofika sekondari ndipo mama aliponinong'oneza kwamba baba hajui kusoma, hata herufi moja. Nilimwonea huruma, nikampenda zaidi. Siku ile, kwenye ukuta ule uliojaa maandishi, yangu ndiyo karatasi aliyoweza kuisoma. Na aliisoma kwa sauti, darasa zima likimsikiliza.