Mtumbwi uliokula vitanda kumi vya fundi Luhende

Jua limeshapanda juu ya mawe ya Ilemela, na wanaume wanausukuma mtumbwi mpya wa mbao kuelekea ziwani. Fundi Luhende hasukumi. Amejishika kichwa kwa mikono miwili, macho yote kwenye mishono ya mbao.

Ni mara ya pili mtumbwi huu unaingia majini. Mara ya kwanza, mwezi uliopita, ulijaa maji kabla mwenye nao hajamaliza kupiga vigelegele.

Mwenye nao ni Getruda, mchuuzi wa sangara kutoka Kamanga, na leo hakuja kucheka. “Ukivuja tena, fundi, mimi na wenzangu wote tunahamia kwa mwingine,” anasema. Bila oda za akina mama hao, karakana ya Luhende itafungwa.

Tangu masharti ya biashara yalegezwe, kazi zimemfuata nyumbani. Mwaka huu wa 1995 viwanda vya samaki vinanunua sangara bila kuchoka, na kila mtu anataka mtumbwi. Nyumba za wageni nazo zinaota kama uyoga hadi Igoma, zote zinataka vitanda. Luhende, mwenye miaka 46, ana mafundi watatu tu. “Nilikuwa naitikia kila oda. Hata usingizini nilisema ndiyo,” anasema.

Aliyemshikia breki ni binti yake Gladness, anayesoma uchumi kidato cha tano na yuko nyumbani kwa likizo. Alichukua kijiti akachora kwenye vumbi la mbao: vitanda vinapanda juu, mitumbwi inakwenda kulia, na mstari uliobinuka kwa nje unaziunganisha pande hizo mbili. Huo, akamwambia, ndio mwisho wa uwezo wa karakana yako, baba. Ndani yake kuna mikono iliyokaa bure, nje yake ni ndoto.

“Mbona umebinuka? Shuleni hamna rula?” baba akauliza.

Gladness akacheka, akamwambia ahesabu mwenyewe. Wakitengeneza vitanda tu, kwa mwezi wanatoa ishirini. Mtumbwi wa kwanza unawanyima vitanda vitatu, kwa kuwa anautengeneza Luhende mwenyewe na wengine wanabaki kwenye vitanda. Wa pili unakula saba. Wa tatu unakula kumi vyote vilivyobaki, maana hapo hata fundi Elias anang'olewa kwenye vitanda. Kila mtumbwi unakula zaidi ya uliotangulia, ndiyo maana mstari unabinuka.

“Niliruka! Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja,” anasimulia Luhende, na hata sasa anaruka kidogo. Huo mtumbwi wa tatu ndio wa Getruda.

Elias ni bingwa wa vitanda, mbao zake hubanana hata wembe haupiti. Kwa mtumbwi, huo ni msiba, kwa sababu mshono huachiwa nafasi ya kusokomeza pamba inayozuia maji. Elias hakuacha nafasi, pamba ikakaa juu juu.

“Niliona aibu kuacha upenyo,” Elias anajitetea. “Kwenye kitanda, upenyo ni nyumba ya kunguni.”

Luhende alifumua mishono yote, akaiziba upya kwa mkono wake. Elias akarudi kwenye vitanda.

Sasa mtumbwi unaelea. Getruda anapanda, anainama, anapapasa chini kuanzia mbele hadi nyuma. Anainua kiganja. Kikavu!

Vigelegele vinapasua anga. Luhende anamkumbatia Elias, anamkumbatia Gladness, nusura amkumbatie na mwandishi.

“Mwezi ujao nataka mitatu!” Getruda anapaza sauti.

“Mmoja, mama,” Luhende anajibu. “Elias simtoi tena kwenye vitanda.”

Getruda anakunja uso, kisha anautazama mtumbwi wake. “Haya, mmoja. Lakini uwe wa mkono wako.”

Luhende anajiwekea akiba anunue mashine ya randa ya umeme. Gladness amemhakikishia kwamba itausogeza mstari wote nje, vitanda na mitumbwi kwa pamoja.

“Siku hiyo,” anasema huku akisugua mikono, “huyu mama akiagiza mitatu, nitamuuliza wa nne anamwachia nani!”