Siku Mwanangu Alipofichwa Ghalani

Mpaka leo nikisikia shule inapakwa chokaa kwa sababu mgeni anakuja, hasira zinanipanda.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, kijijini kwetu upande wa Kishapu, wakati sabuni ilikuwa inatafutwa kama dawa. Mume wangu alikuwa ametoka kufariki. Alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Geita, shimo likamwangukia, wakatuletea mwili umefungwa kwenye turubai. Matanga yalipoisha tukanyolewa, mimi na binti yetu wa darasa la tano, kama ilivyo desturi. Wembe ulikuwa mmoja kwa ukoo mzima, na ulipomfikia mtoto ulikuwa umeshakuwa butu. Ulimkata mahali pengi kichwani. Kule zahanati wakampaka ile dawa ya bluu.

Binti huyo ndiye aliyekuwa amechaguliwa kusoma risala mbele ya mgeni aliyekuwa anatarajiwa shuleni. Sisi Wasukuma wengi "r" inatuponyoka, inatoka "l". Baba yake alikuwa amekaa machimboni na watu wa kila kabila, ulimi wake ukanyooka, na safari ya mwisho aliyokuja nyumbani alimfundisha mtoto. "Nguruma kama pikipiki," alimwambia, na jioni nzima nyumba ikawa pikipiki. Baada ya msiba mtoto hakulia mbele ya watu. Alikuwa akikaa peke yake nyuma ya nyumba, anainong'ona risala yake tangu mwanzo hadi mwisho. Nilielewa anaongea na nani. Sikumwuliza.

Mgeni mwenyewe alikuwa mwalimu wa kike kutoka Ulaya, anayezunguka nchini kwetu kutazama shule. Akina mama tuliitwa kupika. Asubuhi ile mwalimu mkuu, kavaa kaunda suti iliyopigwa pasi, akapita kukagua mistari ya wanafunzi. Akasimama mbele ya binti yangu.

"Hiki kichwa vipi?"

Niliacha kuni nikasogea. "Amefiwa, mwalimu. Ulikuja msibani."

"Mimi najua. Mgeni hajui. Ataona madoa ya bluu, atakwenda kusema kwao kwamba shule yangu ina mapunye."

"Basi nimfunge kitambaa."

"Kitambaa si sare, mama."

Akaendelea na mistari, anachagua kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Wenye mapunye kweli, wenye kaptula zilizotoboka matakoni, mmoja mwenye jicho linalotoka maji. Wote, pamoja na binti yangu, wakapelekwa kwenye ghala la pamba ya shule. Pamba ile walikuwa wameilima wao wenyewe kwa mikono yao. Mlango ukaegeshwa, kiranja akawekwa nje. Risala akapewa binti wa katibu kata.

Mgeni alifika, akatuamkia kwa Kiswahili. Mwenzangu mmoja pale mekoni akaninong'oneza, "Mayu," yaani mama kwa Kisukuma, "Kiswahili chake kimenyooka kuliko chako."

"Changu kimepinda kwa kubeba maji," nilimjibu, lakini sikuwa na kicheko.

Binti wa katibu kata akaanza: "Mgeni lasmi, tuna fulaha kubwa kukukalibisha." Wenzangu wakaziba vinywa kwa kanga. Mimi simcheki yule mtoto, hakuwa na kosa. Alipofika mahali penye "sisi wanafunzi wote tuliosimama mbele yako," nilitazama ghala.

Baadaye mgeni akatembezwa madarasani. Alipokuja kunawa mikono kabla ya chakula, mimi ndiye niliyeshika birika. Akamwuliza mwalimu mkuu kwa nini madawati mengine yalikuwa wazi.

"Wazazi wa huku ni wagumu," mwalimu mkuu akasema, tena bila kupunguza sauti. "Wanapenda ng'ombe kuliko shule. Wamewapeleka watoto machungani."

Ng'ombe! Wangu wa mwisho alikuwa amechinjwa msibani, na mwalimu huyohuyo alikula nyama yake.

"Hawako machungani," nikasema. "Wako ghalani."

"Mama, endelea na kazi yako."

"Kazi yangu ndiyo hii. Nimezaa mmoja tu, na umemfungia na pamba."

Nikaweka birika chini, nikaenda ghalani. Kiranja akanipisha. Mgeni alinifuata, na mwalimu mkuu nyuma yake. Watoto walikuwa wamekaa juu ya magunia, nyuzi za pamba zimewaganda kwenye nyusi. Mgeni akawatazama wote, kisha akamwinamia binti yangu, akafungua mkoba wake na kutoa dawa ya kupaka kichwani.

"Maskini," akasema. "Hii itakusaidia. Usijikune."

"Si nilisema?" mwalimu mkuu akasema.

Hapo nilishindwa. Mmoja amemficha mwanangu kwa aibu, mwingine anamhurumia kwa ugonjwa asio nao, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza mtoto jambo lolote. Nikavua kanga kichwani. Kwetu mjane havui kanga mbele ya watu, lakini niliivua, nikabaki na upara wangu mbele ya Mzungu, mbele ya walimu, mbele ya watoto.

"Na mimi nipake," nikamwambia. "Tumefiwa, mama. Hatuumwi. Baba yake kafukiwa na udongo wa dhahabu. Wembe ndio uliomkata. Huyu ndiye aliyekuwa akusomee risala, akaonekana hafai kutazamwa."

Yule mama akarudisha dawa mkobani. Uso ulikuwa umemwiva. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Alisema pole, tena mara nyingi, kisha akampigia goti mtoto akamwomba amsomee pale pale.

Binti yangu alimtazama, akamtazama mwalimu mkuu.

"Imeshasomwa," akasema.

Tulirudi nyumbani wawili, ugali tukawaachia.

Mwaka uliofuata alikuwa anakuja kiongozi wa wilaya. Mwalimu mkuu akafika kwangu mwenyewe, akapewa kigoda. Akasema hakuna mtoto mwingine pale shuleni anayeweza kusoma risala ikasikika, na kwamba yaliyopita tuyaache.

"Na nywele si zimeshaota?" akasema, anacheka, kama ananipa habari njema.

Nilimwambia mwenye ulimi yuko uani, akamwombe mwenyewe. Mtoto alikuwa anaanika michembe ya viazi vitamu juu ya mkeka. Akampigia magoti, akasema, "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Utatusomea?"

"Hapana, mwalimu."

Akaendelea kuanika. Mwalimu mkuu akanitazama mimi, anangoja nimkemee mwanangu. Nikamletea maji ya kunywa, maana ni mgeni, na alipomaliza nikapokea kikombe changu.